Sahani ya Pili ya Odilia

Katika jengo letu la Sanyuanli, Guangzhou, ghorofa nane na lifti inayopanda siku ikijisikia, oveni ilikuwa moja tu, ya dada Odilia. Wachina hawaoki nyumbani. Watachemsha, watakaanga, watapika kwa mvuke mpaka kuta zitoe jasho, lakini mkate wananunua. Odilia aliachiwa oveni ile na Mkongomani mmoja aliyekuwa anarudi Lubumbashi. Mlango wake ulifungwa kwa waya, na kwa kidude hicho alilisha nusu ya Watanzania wa mtaa ule: skonzi, mikate ya maziwa, keki za kipaimara na za harusi. Asubuhi alivuta kibegi chake cha magurudumu hadi jengo la wafanyabiashara la Tianxiu Dasha, akapita ofisi kwa ofisi, na wale mabosi wa makontena wanaogombana na dunia nzima walinyamaza wakimwona, wakanyoosha mikono.

Alikuwa mtu wa Muleba, Kagera, wa miaka arobaini na sita, mnene, mpole, mwenye presha na kicheko kisicho na sauti. Ungejua anacheka kwa kutazama mabega. Kuoka alifundishwa na masista. Alikuja Guangzhou kununua mashuka na vitenge kama wenzake, ila biashara hii inataka mtu anayeweza kusema meiyou, yaani hakuna, sitaki, niondokee, na neno hilo lilimshinda kabisa. Mchina akitaja bei, yeye anaona haya kumkatalia. Akaacha mashuka, akabaki na unga.

Mimi ni Evaline, wa Njombe. Nanunua nguo za watoto kwa ajili ya wenye maduka nyumbani, na chumba changu na cha Odilia vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na kwa miezi saba haukunifaa kitu.

Sarah alitujia Januari moja, na pakiti ya unga mkononi. Ni Mwairishi, mwalimu wa chekechea, alikuwa anakaa ghorofa ya sita. Alisikia harufu ya mkate ikipanda ngazi, akaifuata mpaka mlangoni. Aliomba oveni kwa saa moja tu, maana tarehe mosi Februari alikuwa na sikukuu yake na sikukuu hiyo haifai bila mkate. Tuliongea naye Kiingereza chetu cha sokoni, naye akajifunza kutungoja tumalize sentensi.

“Sikukuu gani hiyo, mwalimu?” Odilia alimwuliza.

Sarah akaeleza. Watu wa kwao wa zamani, Waselti, kabla ya mapadri kufika, waligawa mwaka kwa sikukuu za majira, naye huzishika nane. Bibi yake alikwenda misa kila Jumapili na sikukuu hizo akazifanya jikoni kimyakimya. Hii ya Februari inaitwa Imbolc, ya maziwa na mwanzo wa mimea kuchipua. Unaoka mkate, unaweka kitambaa nje dirishani usiku, na Brigid akipita anakibariki.

“Brigita!” Odilia akashangilia. “Huyo namjua. Masista walitusomea habari zake, na siku yake ni hiyohiyo.”

Mimi nikasema hayo ni mambo ya mizimu ya Wazungu, mimi simo. Kisha mkate ukaiva, na mimi nikawemo.

Basi ndivyo tulivyoanza, wanawake watatu na oveni ya waya. Mwezi wa tano tuliweka maua mlangoni, tukala vikeki vya asali. Hiyo ni Beltane. Mwezi wa sita, jua linapokaa angani muda mrefu kuliko siku zote, Sarah alihitaji majani fulani machungu ambayo bibi yake aliyaning’iniza mlangoni. Alikuwa na hakika hatayapata. Wiki hiyohiyo mama mwenye nyumba wetu akapita kila mlango akigawa majani ya aicao ya sikukuu ya mitumbwi ya dragoni, na Sarah alipoyanusa akaketi chini kwenye ngazi akalia. Yalikuwa ndugu wa yaleyale. Mama mwenye nyumba akadhani amemkosea, akamwongezea fungu jingine. Agosti tulioka mkate wa kwanza wa mavuno, ingawa sisi watatu hatukuwa na hata mche, isipokuwa rozmari ya Odilia iliyokuwa kwenye kopo juu ya kiyoyozi.

Lakini iliyomshika Odilia ni ile ya tarehe thelathini na moja Oktoba. Inaandikwa Samhain, Sarah hutamka Sawin. Siku hiyo mwaka wao wa zamani unaisha, na wafu wanaruhusiwa kuja mezani. Unafungua dirisha, unawasha mshumaa, unaweka tawi la rozmari na sahani tupu. Kisha kila mtu anawataja wafu wake, akianza na aliyefariki mwaka huohuo kama yupo, na kila anayetajwa anakatiwa kipande cha mkate kabla ya walio hai. Mkate wenyewe ni mweusi, wa zabibu zilizolala kwenye chai, na ndani yake mmefichwa pete na kitambaa. Ukipata pete utaolewa, ukipata kitambaa ni ufukara. Mwaka wa kwanza kitambaa kilikuwa changu, nikanuna siku tatu.

Odilia alimtaja baba yake na kumwekea buni. Kwao Kagera wanazichemsha buni mbichi na majani yenye harufu, wanazikausha, na mgeni akifika anapewa chache za kutafuna kabla ya neno lolote. Hata wazee waliokwisha kufa huwekewa. Jumapili iliyofuata akamsimulia mama yake kwenye simu. Mama hakuwa na simu yake, alitumia ya Rodrick, mdogo wake Odilia, na alikuwa anapiga kelele kana kwamba anamwita mtu ng’ambo ya bonde. Mimi kule kwangu nilisikia kila kitu.

“Hao Wazungu wamechelewa kujua,” mama alisema, akacheka. “Basi nitakuwa natuma na ya baba yako.”

Na akatuma. Tangu siku hiyo kila msafiri wa Bukoba aliyetua uwanja wa Baiyun alileta vifungu viwili vya majani makavu ya mgomba: kikubwa cha Odilia, na kidogo, cha ukubwa wa kidole gumba, cha baba. Kahawa hiyo mama aliichemsha na kuifunga mwenyewe. Odilia alikitunza kile kidogo kwenye kopo la maziwa mpaka Oktoba, na ukikigusa unachapwa mkono.

Machi ya mwaka jana Rodrick alinipigia mimi. Namba yangu alikuwa nayo tangu siku simu ya dada yake ilipoingia maji.

“Dada Eva, mama ametutoka jana jioni,” alisema. “Wazee wamekaa. Dada asijue kwanza.”

“Asijue vipi? Ni mama yake!”

“Pasipoti yake si imeshikwa, inaongezwa kibali? Hawezi kusafiri. Tena ana presha. Akianguka huko nani atamshika? Akija Desemba tutamweleza sisi, ana kwa ana, akiwa ameketi na watu wake.”

Mimi nayajua hayo. Aliyeko mbali hapewi habari ya msiba kwenye simu. Hata kwetu Njombe ndivyo tunavyofanya, na tunafanya kwa upendo. Sikuona cha kubishia. Nikasema sawa. Nikawaambia Watanzania wa jengo na wa Tianxiu, wote wakaapa, na Jumamosi yake tukakusanyika kwenye ofisi ya Aloyce, msafirishaji wa mizigo, tukamsalia mama wa watu rozari nzima.

Msiba hauendi bila chai, na chai bila kitafunwa. Mtu akauliza skonzi zitatoka wapi. Zilitoka kwa Odilia. Nilimwambia kuna kikao cha wenye mizigo, akaamka saa tisa alfajiri akaoka skonzi themanini, akanifungia kwenye taulo safi zisipoe. “Wasalimie,” alisema. Nikazibeba kwenye msiba wa mama yake, nikala mbili. Naandika hili ili aliyenisifu kwa kutunza siri ajue niliitunza namna gani.

Tangu hapo, kila Jumapili alimpigia Rodrick, na kila Jumapili mama alikuwa kanisani, amelala, ameenda kwa jirani, au mtandao mbaya. Mimi upande wa pili wa ukuta niliwasha feni kwa nguvu nisisikie. Mei tukaweka maua mlangoni. Odilia akapiga picha ya vikeki vya asali amtumie mama, Rodrick akajibu, mama amefurahi sana. Nilitamani nimkabe.

Juni akafika mfanyabiashara kutoka Bukoba. Rodrick alikuwa ametuma kahawa ili uongo ukae vizuri. Odilia alikuwa anafunga aicao mlangoni, mikono ikinuka majani, akaipokea kwa furaha, akaketi kitandani akafungua. Kilikuwa kifungu kimoja kikubwa. Akakung’uta mfuko. Akaangalia ndani. Akampigia Rodrick hapohapo, simu akiiweka wazi.

“Kahawa nimeipata. Nani kaichemsha?”

“Mama mwenyewe, dada! Ameichemsha juzi, kaifunga kwa mkono wake.”

“Haya. Mwambie asante.”

Akatia buni moja mdomoni, akatafuna polepole, akaitema kwenye kiganja. Kahawa akaifunga tena, akaiweka kwenye kopo la maziwa. Nikamwuliza kama ni mbaya. Akasema ina chumvi kidogo. Kisha akanitazama.

“Eva, huna la kuniambia?”

“La nini, dada? Sina.”

Akarudi kwenye majani yake.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yake. Akinipa skonzi asubuhi: Eva, huna la kuniambia? Tukipishana kwenye ngazi, mimi na mabunda ya nguo, yeye na kibegi: huna la kuniambia? Nilidhani ni masihara, maana mimi ndiye redio ya jengo. Nikampa umbea wote nilionao. Nani kaachwa, nani mzigo wake umekwama, Mkenya gani anakwepa kodi ya chumba. Alisikiliza, akaitikia, akaondoka. Niliona amepungua mwili. Niliona maji ya bafuni kwake yanakwenda muda mrefu kila jioni, nikasema ni joto la Guangzhou.

Oktoba nilishindwa kula. Nikapanda ghorofa ya sita nikamweleza Sarah, maana yeye hatukumwambia, tuliona hatatuelewa. Na kweli hakutuelewa.

“Tangu Machi?” alisema. “Eva, amefiwa tangu Machi na hajui?”

Nikamweleza pasipoti, presha, wazee, Desemba. Aliacha nimalize. Akasema hajui mila zetu na hatazihukumu, lakini meza ya Samhain anaijua. Bibi yake alimfundisha kwamba aliyekufa ndani ya mwaka asipotajwa siku ile anabaki nje ya dirisha mpaka mwaka mwingine. “Siwezi kukata mkate mbele yake nikijua mama yake amesimama nje. Umwambie wewe kabla ya siku hiyo, au mimi sishuki.”

Nikaahidi. Nilikuwa na wiki mbili nzima. Siku ya kwanza Odilia alikuwa na oda ya keki, nikasema asiharibikiwe. Siku ya tatu alilalamika kichwa. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri. Sasa nasema wazi: niliogopa. Niliogopa uso wake. Niliogopa zaidi aniulize nimejua lini.

Tarehe thelathini na moja ikafika, Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni feni bado inazunguka, jasho bado linatoka, huku Sarah akituambia kwao leo watu wanavaa makoti. Alishuka kwa sababu nilimdanganya na yeye, nilimwambia nitamweleza Odilia mezani. Meza ilikuwa ile ya kukandia unga. Mkate mweusi katikati, mshumaa, tawi la rozmari, sahani tupu moja ya baba. Odilia alivaa kitenge chake cha kanisani. Alifungua dirisha, na kelele za barabara na harufu ya vitunguu vya jirani vikaingia.

Sarah akamtaja bibi yake, akakata kipande. Akanitazama mimi. Nikamtaja shangazi yangu, akakata. Akanitazama tena, safari hii hakuondoa macho. Nikafungua mdomo. Mdomo huu unaopunguzia wauzaji bei mpaka wanifukuze, ukatoa hewa tupu. Nikanywa maji.

Odilia akaweka kisu mezani.

“Eva,” alisema taratibu, “huna la kuniambia?”

Mungu anisamehe. Nilisema, “Sina, dada.”

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa alivyotarajia. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na sahani ya pili na kopo la maziwa. Sahani akaiweka karibu na ile ya kwanza. Ndani ya kopo akatoa vifungu viwili vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, alivyofunga mwenyewe kwa majani ya aicao kwa kuwa mgomba hakuwa nao.

“Hii ya baba,” alisema, akaiweka. “Na hii ya mama. Juni hakutuma ya baba. Mama asahau ya baba? Angekuwa kitandani angemtuma mtoto wa jirani afunge. Nikajua hapo. Rodrick aliposema kaifunga kwa mkono wake, nikajua kabisa.”

Sarah alijifunika uso. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

“Mbona hukusema, dada?”

“Niseme nini, Eva? Mtu hajipi msiba mwenyewe. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje anipe pole. Nikakuuliza kila siku. Kila siku nilisema leo Eva ataniambia. Nimelia bafuni miezi mitano, maji nimeyafungulia, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimefiwa. Nilie mbele za watu, waniulize nalia nini?”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Nikashuka kitini, nikapiga magoti penye unga uliomwagika, nikamshika miguu kama tunavyomshika mfiwa, nikampa pole. Nilisema pole, dada, pole, pole sana kwa mama. Ilikuwa nimechelewa nayo miezi saba, lakini aliipokea. Aliniwekea mkono kichwani, na ndipo akalia kwa sauti, ya mtu wa Muleba anayemlilia mama yake, mpaka mama mwenye nyumba akaja mlangoni. Aliona sahani mbili na mshumaa, akaelewa. Kwao pia wafu huwekewa chakula. Alirudi na machungwa mawili, akayaweka moja kwenye kila sahani, akaondoka kwa kunyata.

Baadaye, Odilia alipotulia, alichukua kisu mwenyewe akakata mkate. Kipande cha kwanza cha mama, cha pili cha baba. Safari hii hakuwa ameficha kitu ndani. Akatukatia na sisi, akafuta mikono kwa kitenge, akawa anachezea makombo yaliyobaki.

“Zile skonzi za Machi,” alisema bila kuniangalia. “Themanini. Hakukuwa na kikao.”

“Hakukuwa, dada.”

“Zilikuwa za mama?”

“Zilikuwa za mama.”

“Watu walikuwa wengi?”

“Wengi. Wengine walisimama nje kwenye korido. Tulisali rozari nzima.”

Akawaza kidogo, kama anavyofanya akikokotoa unga wa oda kubwa.

“Zilitosha?”

“Zilitosha,” nikamwambia. “Kila mtu alipata.”